Nyongeza Sita

Mechi ninayoihakiki hapa haikuamua kitu. Ilichezwa usiku wa Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, kati ya Chuo Kikuu cha Syracuse na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho watu hukiita UConn. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya kufunga msimu ya konferensi ya Big East. Dakika 40 za kawaida ziliisha kwa sare ya 71 kwa 71. Zikaongezwa tano, zikaisha sare. Zikaongezwa tano nyingine, sare tena. Mpaka nyongeza ya sita ndipo Syracuse walipopata mwanya, wakashinda kwa pointi 127 dhidi ya 117. New York ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Dar es Salaam ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi ya Ijumaa, watu wameshafika kazini.

Nataja Dar es Salaam kwa sababu mmoja wa waliokuwa uwanjani ni mtoto wa jiji hilo: Hasheem Thabeet, mlinzi wa kikapu cha UConn, urefu wake futi 7 na inchi 3, sawa na sentimita 221 hivi. Watanzania wengi tunamjua kwa yaliyompata baadaye huko NBA. Wachache wameutazama usiku huu, ingawa ukitaka kujua alikuwa mchezaji wa namna gani, usiku huu unatosha.

Nimeitazama mechi nzima mara tatu, na kila mara nimeondoka na imani ile ile: ni mechi bora ya kikapu cha vyuo kuliko zote nilizopata kuziona, na imesifiwa kwa sababu ambazo si zake. Wanaoisimulia huitungia utenzi, wakaimba vijana waliokataa kuchoka. Mimi ninachokiona kwenye picha ni vijana waliochoka kupita kiasi, mbele ya watu zaidi ya 19,000, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kusema basi.

*

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe, maana mengi ya usiku ule yametoka humo.

Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyocheza ligi yao wenyewe kuanzia majira ya baridi. Ligi ikiisha, mwezi Machi, vyuo hivyo hukusanyika mahali pamoja kwa siku chache na kucheza mtoano: ukifungwa, unafungasha. Bingwa wa mtoano huo hupata tiketi ya moja kwa moja ya kuingia mashindano ya taifa ya NCAA. Mwaka 2009 mashindano ya taifa yalikuwa na timu 65. Tiketi 31 zilikuwa za mabingwa wa konferensi, na 34 zilizobaki ziligawiwa na kamati kwa timu ilizoona zinastahili. Ivy League ndiyo peke yake iliyompa tiketi mshindi wa ligi bila kucheza mtoano. Nayo ilianza kuuchezesha mwaka 2017.

Kwa konferensi ndogo, tiketi hiyo moja ndiyo uhai. Timu inaweza kushinda mechi 25 katika msimu, ikateleza Jumamosi moja ya Machi, na mwaka wake ukaishia hapo. Wachezaji wa mwaka wa nne hulia kwenye benchi, taulo usoni, wakijua hawatavaa jezi ile tena. Hapo mfumo una ukatili, lakini ni ukatili unaoeleweka: kuna kitu cha kupata na kuna kitu cha kupoteza.

Kwa konferensi kubwa mambo ni tofauti. Wakubwa tayari wana nafasi zao. Msimu ule Big East ilikuwa na vyuo 16, na kwa mara ya kwanza vyote 16 vilikaribishwa kwenye mtoano wake. Siku tatu baada ya mechi hii, NCAA ilipotangaza ratiba ya taifa, timu tatu kati ya nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika makundi zilikuwa za Big East: Louisville, Pittsburgh na UConn. Ndiyo, UConn hao hao walioondolewa kwenye robo fainali ya konferensi yao. Kushindwa hakukuwagharimu hata kidogo. Wakaendelea hadi nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ndiko walikofungwa na Michigan State.

Syracuse walioshinda walipata nini? Ijumaa usiku walirudi uwanjani kucheza na West Virginia, na mechi hiyo nayo ikaenda nyongeza. Wakashinda. Jumamosi wakakutana na Louisville kwenye fainali, na miguu ikakataa. Zawadi ya kushinda mechi ndefu ilikuwa mechi nyingine mbili.

Kwa hiyo mhakiki analo swali la haki: ikiwa hakuna dau, kwa nini mechi hii inamshika mtu roho namna hii?

*

Jibu la kawaida ni historia. Big East ilianzishwa mwaka 1979 na Dave Gavitt, aliyekuwa kocha wa Providence, na wazo lake lilikuwa la kibiashara na la kijanja: kukusanya vyuo vilivyokuwa karibu na miji mikubwa ya mashariki mwa Marekani, yaani New York, Boston, Philadelphia, Washington, ambako runinga ziko nyingi. Mwaka huo huo ESPN ilianza kurusha matangazo kutoka Bristol, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, ikiwa na saa nyingi za kujaza na fedha chache za kununua vipindi. Wawili hao wakakuzana. Mashindano ya kwanza, mwaka 1980, yalifanyika Providence. Yakaenda Syracuse, yakaenda Hartford, na mwaka 1983 yakahamia Madison Square Garden, hayajatoka hapo hadi leo. Mwaka 1985 timu tatu kati ya nne zilizofika nusu fainali ya taifa zilikuwa za Big East: Georgetown, St. John's na Villanova, na Villanova wakachukua ubingwa.

Historia hiyo ni ya kweli na ina uzito. Lakini haimfikii mtu anayetazama leo akiwa Mwanza au Mombasa, ambaye hajui Georgetown iko wapi. Mtu huyo hushikwa na kitu kingine, nacho ni umbo la mechi yenyewe.

Tazama dakika za kawaida zinavyoisha. Imebaki sekunde moja na sehemu yake. Mpira unatupwa kutoka mwisho mmoja wa uwanja, unaguswaguswa, unamfikia Eric Devendorf wa Syracuse. Anarusha akiwa mbali, mpira unaingia, taa nyekundu imewaka. Devendorf anapanda juu ya meza ya waandishi wa matokeo, anapanua mikono, anapiga kelele, na nusu ya ukumbi inapiga kelele naye. Waamuzi wanakwenda kwenye skrini. Wanarudia picha polepole, wanarudia tena. Ncha za vidole bado zilikuwa kwenye mpira saa ilipofika sifuri. Kikapu kinafutwa. Kijana anashuka mezani na kurudi kucheza.

Picha hii ya meza ndiyo inayosambazwa zaidi kuliko zote, na ndiyo inayonisumbua. Inawekwa kama picha ya ushindi wakati si ushindi wa kitu chochote. Ni furaha iliyotolewa kabla ya wakati, ikafutwa kwa amri, kisha mwenye furaha akadaiwa dakika 30 za kazi ya ziada. Mwandishi wa tamthilia angeogopa kuliweka tukio kama hili mwishoni mwa onyesho la kwanza. Angeambiwa amezidisha.

Jambo la pili ni jepesi kupita bila kuonekana: katika nyongeza tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Kila kipindi UConn walitangulia, kila kipindi Syracuse wakawafikia saa inakaribia kuisha. Anayeijua ladha ya majibizano ya washairi atalielewa hili. Mmoja anatoa, mwingine lazima ajibu kwa vina vile vile, na anayejibu ndiye mwenye kazi ngumu kwa sababu hachagui mizani. Syracuse walijibu mara tano. Nyongeza ya sita ilipoanza, Andy Rautins akafunga cha pointi tatu, na kwa mara ya kwanza tangu dakika za kawaida UConn wakawa wao wanaodaiwa jibu. Hawakuwa nalo. Hapo ndipo mechi ilipoisha, ingawa saa iliendelea kuhesabu.

*

Sasa nije kwenye uchovu, maana ndio unaopotea mechi ikikatwa vipande.

Vipande vya dakika kumi vilivyo mtandaoni vimekusanya vikapu vilivyoingia. Ukivitazama unadhani wachezaji walizidi kung'ara kadiri usiku ulivyokwenda. Itazame yote, uone mambo yanavyokwenda kinyume. Mpira unazidi kuwa mbaya. Mitupo inagonga mdomo wa mbele wa kikapu, dalili ya miguu iliyoisha nguvu. Pasi zinapita nyuma ya mgongo wa anayepasiwa. Mpira uliokufa, watu wanainama, mikono magotini, wanavuta bukta kama wanaotaka kujishikilia wasianguke. Jonny Flynn, mchezeshaji wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano tano, na makocha, Jim Boeheim upande mmoja na Jim Calhoun upande mwingine, wakalazimika kuwaita vijana ambao kwa kawaida hukaa mwisho wa benchi. Mechi iliyoanza na nyota ikamaliziwa na waliobaki.

Kwangu mimi hapo ndipo penye sanaa yake. Mwanzoni unaona mifumo ya makocha: nani asimame wapi, nani azuie njia ya nani. Nyongeza ya nne ikifika, mifumo imeyeyuka. Kinachobaki ni tabia ya mtu mmoja mmoja. Flynn bado analivamia kundi la warefu akitafuta faulo, kisha anasimama kwenye mstari wa mitupo huru na kuiingiza. Paul Harris, asiye mrefu sana kwa mujibu wa nafasi yake, anamaliza na rebaundi 22 kwa sababu tu anaruka mara ya pili wakati wenzake wamesharuka mara moja na kuridhika. A. J. Price wa UConn anafunga pointi 33 na uso wake haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Uchovu umeondoa kila kitu walichofundishwa, na tunawaona walivyo.

Huo ni uzuri, sikatai. Lakini ni uzuri wa aina gani, na nani anaulipia? Watangazaji usiku ule walizidi kuchangamka kadiri vijana walivyozidi kulegea, na ukisikiliza kwa makini unatambua kwamba kuchangamka kwao na kulegea kwa wale ni kitu kimoja.

*

Thabeet. Tumweke katikati ya ukurasa, mahali ambapo masimulizi ya Marekani hayamweki.

Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akapelekwa kumalizia sekondari Houston, kisha UConn. Miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa Big East, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa konferensi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Blair huyo ni mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, na mwezi Februari mwaka huo alimrusha Thabeet juu ya bega lake wakigombea mpira, picha ambayo nayo haiishi kurudiwa. Tuzo ilisema hawa wawili ni sawa. Picha iliyobaki kichwani mwa watu inasema vingine.

Kwenye mechi ya nyongeza sita, kazi ya Thabeet karibu haiandikiki. Takwimu zinahesabu mipira aliyoipiga kofi. Haziandiki mpira ambao haukurushwa. Mtazame Flynn dakika za kawaida: anaingia kwa kasi, anamwona Thabeet amesimama chini ya kikapu, anageuza njia, anatoa pasi nje. Hakuna kilichotokea, na hicho ndicho Thabeet alichokifanya. Sehemu kubwa ya mechi Syracuse wanacheza kikapu cha pembeni, kama watu wanaozunguka mti mkubwa wakitafuta mahali pa kupita. Kisha faulo ya tano inamtoa, na mechi bado inaendelea. Kuanzia hapo njia ya katikati inafunguka. Kama unataka ushahidi kwamba mtu alikuwa muhimu, linganisha uwanja akiwamo na uwanja akiwa ameondoka. Usiku ule umetupa vipimo vyote viwili ndani ya mechi moja.

Benchi la waliotolewa kwa faulo ndilo eneo ambalo ningependa kamera ingekaa zaidi. Wamevaa jaketi za mazoezi, hawawezi kurudi, hawawezi kuondoka. Thabeet hata akiwa ameketi anaonekana, magoti yamepanda juu. Anatazama kazi aliyokuwa akiifanya ikifanywa na asiye na urefu wa kuifanya.

Yeye si wa kwanza wa namna yake katika konferensi hii. Big East ndiyo iliyompokea Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaica, na mashabiki wa vyuo pinzani walimwandikia mabango ya kumfananisha na nyani na kumrushia ganda la ndizi uwanjani. Ndiyo iliyompokea Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyekwenda Georgetown akitaka kusomea udaktari, akageuzwa mlinzi wa kikapu, na miaka mingi baadaye akajenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake. Watu warefu waliotoka mbali wamekuwa nguzo ya mashindano haya tangu ujana wake, na kila mmoja amesomwa kwanza kama mwili. Kuhusu Thabeet, usomaji huo haukuwa na matusi ya wazi kama ya Ewing. Ulikuwa wa tathmini: mikono mirefu kiasi gani, atakuwa na thamani gani.

Thamani hiyo ilitajwa tarehe 25 Juni 2009, siku 105 baada ya nyongeza sita, katika jumba lile lile la Madison Square Garden, kwenye ukumbi wake wa maonyesho, NBA ilipochagua wachezaji wapya. Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet wa pili. Minnesota wakamchukua Flynn wa sita. Wa saba akawa Stephen Curry. Tangu siku ile kuna mzaha usioisha kuhusu waliotangulia jina la Curry, na Thabeet ndiye mfano unaopendwa zaidi. Flynn aliumwa nyonga, akapasuliwa mwaka uliofuata, na baada ya misimu mitatu hakuwamo tena NBA. Thabeet alizunguka timu nne mpaka 2014.

Sisemi kwamba mechi moja iliwamaliza. Hakuna anayeweza kulisema hilo. Nasema kwamba soko lile lile lililowashangilia kwa kutochoka liliwaita mizigo walipochoka, na kwamba mhakiki anayeikubali sifa ya kwanza bila kuuliza anajikuta ameikubali na lawama ya pili.

*

Mwaka 2014 ESPN ilitoa filamu ya Ezra Edelman iitwayo *Requiem for the Big East*. Ni kazi nzuri. Inaeleza jinsi konferensi ilivyoinuka, jinsi fedha za runinga za mpira wa miguu wa Kimarekani zilivyowavuta Syracuse na Pittsburgh kuhama, na jinsi vyuo vya Kikatoliki vilivyobaki na jina. Upungufu wake ni ule ule wa utenzi: makocha na miaka ya themanini ndio wenye sauti, na kuvunjika kwa konferensi kunaombolezwa kama msiba wa ukoo. Huzuni ya filamu ni kwamba wazee waligombania fedha. Kwamba vijana waliozileta fedha hizo hawakugusa hata senti haipewi uzito wa msiba.

Usiku ule wa 2009 wachezaji walikuwa na ada, chakula, malazi na vitabu. Hawakuwa na mshahara, na walikatazwa kuuza hata majina yao. Julai mwaka huo huo Ed O'Bannon, aliyewahi kuwa bingwa na UCLA, aliishtaki NCAA baada ya kujiona ndani ya mchezo wa kompyuta ambao hakulipwa. Mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyewaongoza UConn kuchukua ubingwa wa taifa, aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku hulala na njaa. Mlango ulifunguka Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kunufaika na majina na sura zao. Mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja.

Hapo mtu aweza kusema: basi, hoja yako imepitwa na wakati. Kwa Flynn wa leo, pengine ndiyo. Kwa Thabeet wa leo, bado. Kijana aliyeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi hubanwa na masharti ya viza hiyo kuhusu kufanya kazi, na kutangaza viatu kunaweza kuhesabiwa kazi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake walitia saini mikataba wakiwa chuoni. Yeye ilibidi angoje timu iende ziara Bahamas, nje ya mipaka ya Marekani, ndipo afanye matangazo yake. Mwili wake uliruhusiwa kucheza mjini Lexington. Jina lake lililazimika kuvuka bahari kwanza.

*

Kuna usiku wa pili ambao ningependa utazamwe pamoja na huu, ingawa ulikuwa mchana. Tarehe 12 Machi 2020, miaka 11 kamili baadaye, ukumbi ule ule, robo fainali ya mashindano yale yale: St. John's na Creighton. Asubuhi hiyo konferensi nyingine kubwa zilikuwa zikifuta mashindano yao kwa sababu ya korona. Big East wakaanza kucheza. Mashabiki hawakuruhusiwa, ila wachache wa karibu. Wachezaji wakakimbia dakika 20, wakaenda mapumziko St. John's wakiongoza kwa pointi tatu, na hawakurudi tena. Wakubwa walikuwa wameamua.

Mechi moja haikutaka kuisha, nyingine ilikatwa katikati. Ukiziweka pamoja unaona kilichofichwa na kelele za ile ya kwanza. Mwaka 2009 vijana waliendelea kwa sababu kanuni ilisema sare haikubaliki. Mwaka 2020 waliingia uwanjani kwa sababu ofisi ilikuwa bado inafikiri, wakatoka kwa sababu ofisi imemaliza kufikiri. Mara zote mbili waliokuwa na pumzi ya kupoteza hawakuulizwa.

Hili haliipunguzii mechi ya nyongeza sita ubora wake. Kwangu linauongeza. Kwa kuwa tiketi ya taifa walikuwa nayo tayari na mshahara haukuwapo, kila alichofanya Flynn dakika ya 66, kila rebaundi ya Harris, kila hatua ya Thabeet kurudi chini ya kikapu kabla ya faulo ya tano, kilitoka mahali ambapo konferensi haikupanga wala kulipia. Walikuwa wakiupa mchezo haki yake. Watu wa nyumbani kwetu wanaocheza ngoma ya mashindano hadi alfajiri kwa sababu tu kundi la upande wa pili halijanyamaza, wanaujua moyo huo. Tofauti ni kwamba kwenye ngoma, kundi linaweza kuweka vijiti chini na kwenda kulala.

Ukiamua kuitazama, iache meza ya Devendorf. Imeshatazamwa vya kutosha. Anza nyongeza ya tatu, mahali ambapo wakataji wa vipande huanza kuruka dakika, na uitazame moja kwa moja hadi mwisho. Tazama mikono ya watu mpira unapokuwa umekufa, imeshika nini. Kisha nyongeza ya sita inapokwenda, na Syracuse wamepata njia ya katikati, tafuta benchi la UConn pembeni ya picha. Utamwona. Ni mrefu mno kufichika.